Namsikia, simwelewi: babu, kiki na besi ndani ya rimiksi moja

Desemba iliyopita nilipiga rimiksi yangu kwenye harusi ya binamu yangu kule Kamachumu, Muleba. Ilinichukua wiki tatu kuitengeneza, usiku usiku, chumbani hosteli. Ilikuwa trensi ya mapigo 138 kwa dakika, na juu yake sauti ya babu yetu akitoa majigambo, yale ambayo Wahaya tunayaita ebyebugo. Babu nilimrekodi kwa simu kibanjani, chini ya migomba, mwaka mmoja kabla hajafariki. Rekodi nyingine hatuna.

Vijana walicheza, turubai likatetemeka. Kisha shangazi akaja mezani kwangu, akaniinamia sikioni: "Waitu, mzee namsikia. Ila simwelewi. Anasema nini?"

Laptopu ilikuwa mbele yangu, nikapandisha sauti ya babu. Shangazi akarudi. "Sasa anapiga kelele tu. Bado simwelewi."

Ukikaa nayo vizuri, hiyo kauli ya shangazi ni fizikia tupu. Kusikia ni kitu kimoja, kuelewa maneno ni kingine. Twende taratibu.

Nani anakaa wapi

Sauti ni mtetemo, na idadi ya mitetemo kwa sekunde tunaipima kwa Hz. Kiki (hapa simaanishi ile kiki ya mjini ya kutafuta umaarufu, namaanisha lile dundo zito) mwili wake unakaa karibu na Hz 50 au 60. Ila ina na kile kimlio kikali cha mwanzo, "tak", ambacho kinafika Hz 2,000 hadi 5,000. Besi inaanzia humo humo chini, Hz 40 hadi 120, na mwangwi wake wa juu unapanda hadi mamia kadhaa.

Na babu? Msingi wa sauti ya mwanaume mtu mzima mara nyingi uko kati ya Hz 85 na 180. Irabu zake zinajengeka kati ya Hz 300 na 2,500 hivi. Konsonanti kama s, t, k na sh zinaishi juu zaidi, kuanzia Hz 2,000 kwenda mbele. Irabu ndizo zenye nguvu, lakini konsonanti ndizo zinazotenganisha neno na neno.

Kwa hiyo babu alikuwa anagongana na wenzake sehemu mbili: chini na besi, juu na ule mlio wa kiki pamoja na vinanda vya trensi.

Kwa nini kupandisha sauti hakukusaidia

Ndani ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, kinaitwa koklea. Sauti za juu zinapokelewa mlangoni, sauti nzito zinapokelewa mwisho kabisa, ndani. Sasa ona tatizo: wimbi la besi likienda kwenye sehemu yake ni lazima lipite kwanza kwenye sehemu za sauti za juu, na njiani linazitikisa. Ndiyo maana sauti nzito inaifunika nyembamba kirahisi kuliko nyembamba inavyoweza kuifunika nzito. Na kadiri besi inavyoongezwa nguvu, ndivyo kivuli chake kinavyotambaa kwenda juu.

Nilipompandisha babu, nilipandisha zaidi irabu zake zenye nguvu, ambazo zilishasikika. Konsonanti zikabaki kivulini. Tena sauti ya kidijitali ina dari. Besi na kiki zilikuwa zimeshalijaza, hivyo babu alipoongezwa akagonga dari na kuanza kukwaruza.

Lakini kwa nini kule hosteli nilimwelewa vizuri? Kosa lilianzia hapo. Nilikuwa nachanganya usiku, kwa sauti ndogo, nisimwamshe mwenzangu. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi zaidi kuliko sauti za katikati. Kwa hiyo nikasikia besi ni haba, nikaongeza. Nikaongeza tena. Kwenye sabufa za harusi, sauti ilipokuwa kubwa, besi yote ile niliyoirundika ikafumuka kwa pamoja. Kumbuka pia nilikuwa nimeyazoea majigambo yale neno kwa neno. Masikio yangu yalikuwa yanajaza mapengo.

Kupanga nafasi

Baada ya harusi nilirudi Bukoba nikaanza upya. Nilichofanya ni hiki.

*Kwanza, muda.* Kwa mapigo 138 kwa dakika, kati ya kiki na kiki kuna milisekunde 435 hivi. Besi ya trensi kwa kawaida inaingia katikati, yaani milisekunde 217 baada ya kiki. Kiki yangu ilikuwa na mkia wa milisekunde 300, kwa hiyo ilikuwa inamkanyaga besi kila pigo. Niliufupisha mkia ukashuka chini ya 200. Halafu nikaweka kompresa kwenye besi, ikawa inaisikiliza kiki: kiki ikipiga, besi inajishusha, kisha inarudi. Hapo tayari chini kukasafika.

*Pili, kumsafisha babu.* Nilikata kila kitu kilicho chini ya Hz 120 hivi kwenye rekodi yake: upepo, mngurumo, mtikisiko wa mkono wangu. Hapa niliogopa kidogo. Kihaya ni lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Je, nikikata msingi wa sauti ya babu, toni zake si zitapotea?

Hazipotei. Simu za kawaida kwa miaka mingi zilipitisha Hz 300 hadi 3,400 tu, na bado watu wa Dar walizungumza Kihaya na wazazi wao Bukoba wakaelewana. Sababu ni kwamba sauti ya mtu haina msingi peke yake, ina na ngazi juu yake. Msingi ukiwa Hz 110, ngazi ni 220, 330, 440 na kuendelea. Ubongo unaona kila ngazi imepishana na nyingine kwa 110, unaurudisha wenyewe ule msingi uliokatwa. Kinachoua toni ni ile programu ya kunyoosha sauti iingie kwenye noti. Hiyo usimwekee mzee wa lugha ya toni hata kidogo.

*Tatu, besi kwenye simu.* Ujanja huo huo wa ubongo ulinisaidia upande wa pili. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa Hz 55 kwa maana yoyote. Niliikwaruza besi kidogo ili izae ngazi za 110, 165, 220, nikaipunguza kati ya 250 na 500 ambako irabu za babu zinaanza. Sasa besi inasikika kwenye simu bila kuongezwa nguvu.

*Nne, adabu.* Mzee anapoongea wengine wananyamaza, au si ndivyo tulivyolelewa? Kila babu anapofungua mdomo, vinanda vinashuka desibeli 3, na ule mlio mkali wa kiki unapunguzwa kwenye Hz 3,000. Kwenye beti nzito nikaitoa besi kabisa, ikabaki kiki peke yake. Msikilizaji hagundui kilichoondoka. Anagundua tu kwamba mzee anaeleweka.

Mwisho nikapima kwa sauti ndogo, kwa sauti kubwa, kwenye simu, na kwa mtu ambaye hajawahi kuyasikia maneno yale. Huyo wa mwisho ndiye kipimo kikuu. Wewe mwenyewe huwezi kujipima, umeshayakariri.

Wazo la kuchezesha Kihaya kwenye biti mpya si geni. "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny, mwaka 2016, imejengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli. Ila wimbo una melodia ya kuushika hata neno likipotea. Majigambo ni maneno. Maneno yakienda, kilichobaki ni mzee anayefoka.

Pasaka nilimpelekea shangazi toleo jipya kwenye simu yake. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikicheza. Ulipoisha hakunisifu. Alisema, "Umekata pale anapomtaja baba yake. Unamkatishaje mtu kwa baba yake?"

Kweli nilikuwa nimekata. Sekunde kumi na moja, ili mstari uingie kwenye mapigo nane. Kwenye harusi asingeweza kulijua hilo, maana hakuelewa neno hata moja. Nimezirudisha, na wimbo sasa una mapigo ya ziada ambayo DJ yeyote atayalalamikia.

Kama nawe una rekodi ya mzee wako, nakili ile ya asili mahali pawili kabla hujagusa chochote. Halafu ndiyo ufungue programu.