Kiangazi cha Shakespeare, Kiangazi cha Ugogo

Kila mwaka tunapofika kwenye shairi la 18 la Shakespeare, lile la mistari 14 ambamo mshairi anajiuliza kama amfananishe mpenzi wake na siku ya kiangazi, huwa nasita kwanza nikatazama nje ya dirisha. Dodoma mwaka wa masomo huanza mvua bado hazijashuka. Vumbi limetanda, mibuyu imesimama bila jani, na ng'ombe wanaopita bondeni unaweza kuwahesabu mbavu. Hicho ndicho kiangazi tunachokijua sisi. Mwaka mmoja binti aliyekulia vijiji vya Chamwino alinyoosha mkono, akauliza kwa heshima zote: "Samahani mwalimu, hapo anamsifu mpenzi wake au anamsema?"

Darasa likaangua kicheko. Nikawatuliza, maana binti alikuwa amegusa penyewe. Majira yale ya Uingereza ya Juni hadi Agosti kwa Kiswahili tunayaita kiangazi, kisha tunasahau kwamba hali ya hewa imebadilika njiani. Kule ni wakati wa majani mabichi. Jua la Juni London huzama saa tatu usiku imeshapita, na watu hutoka nje kuliota kwa sababu wanajua baridi haiko mbali. Huku kiangazi huanza Mei na kinaweza kufika Desemba bila tone. Shairi lenyewe, ukiendelea nalo, linakitia kiangazi kasoro, na mojawapo ni kwamba ni kifupi mno. Ni mkulima gani wa Ugogo aliyewahi kulalamika kwamba kiangazi kimekuwa kifupi?

Tulikaa na neno lile moja kipindi kizima, na sijutii. Wazazi huniuliza, hasa siku za mahafali: "Mwalimu, huyu mwanangu amesomea Kiingereza miaka mitatu ili iweje? Si alishakisoma tangu shule ya msingi?" Huwajibu kwamba Kiingereza ni jembe tu. Shamba lenyewe ni kusoma taratibu: nani anasema, anamwambia nani, kwa nini amechagua neno hili akaacha lile, na kitu gani amekinyamazia. Wengi wa vijana hawa watakuwa walimu wa sekondari, wengine watakwenda kwenye magazeti, mahakama, ofisi za serikali zinazohamia hapa. Kote huko kuna karatasi zinazohitaji mtu wa kuzisoma hivyo.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, kwa kuwa wanafunzi wengi hutufikia wakiwa wamefaulu mitihani ya fasihi bila kukifungua kitabu. Chukua Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala, riwaya ya familia inayoteketezwa na UKIMWI, iliyosomwa sana sekondari. Mwanafunzi anakutajia dhamira zake moja baada ya nyingine bila kukwama. Mwulize sura ya kwanza inaanzaje, anainamisha kichwa. Amelelewa na madesa, yale makaratasi ya muhtasari yanayopigwa fotokopi kizazi hadi kizazi. Simlaumu. Katika shule nilizofika kukagua mazoezi ya kufundisha, nimeona nakala moja ya riwaya ikigombewa na darasa zima, mtoto afanyeje? Ndiyo maana zoezi langu la kwanza kwa mwaka wa kwanza ni ukurasa mmoja tu, kwa wiki nzima. Siku ya kwanza wanadhani nawadharau. Siku ya nne wanabishana kuhusu nukta.

Hata vitabu vyenyewe vilipiganiwa. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, Makerere, chuo kilichowalea wasomi wengi wa Afrika Mashariki, kilitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana hapo Makerere, wakiwemo Chinua Achebe na Wole Soyinka, na kati yao alikuwepo mwanafunzi wa chuo hicho, Ngugi wa Thiong'o, ambaye hadithi zake za mwanzo zilichapwa katika Penpoint, jarida la wanafunzi la pale pale. Oktoba 1968, Ngugi akiwa mhadhiri Nairobi, yeye na Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na mahali pake iwepo idara inayoanzia Afrika, kisha itoke kwenda kwingine. Hawakutaka Shakespeare afukuzwe. Walichokataa ni yeye kuwa mlango ambao kila mtu lazima aupitie. Binti yule wa Chamwino aliweza kumuuliza Shakespeare swali lake kwa sababu alikuwa ameshamsoma Okot p'Bitek, ambaye Song of Lawino yake ya 1966 ilitungwa kwanza kwa Kiacholi, kisha akaihamishia Kiingereza mwenyewe, na Kiingereza kile kikalazimika kutembea kwa mwendo wa Kiacholi.

Wanafunzi wa hapa huamini kwamba mtu hawezi kutunga kitu cha maana katika lugha ambayo hakuinyonya kwa mama. Hapo huwapeleka Ihumwa, kwa maneno tu, ingawa hata kwa daladala si mbali: ni upande wa mashariki wa jiji, jirani na Mtumba unakojengwa Mji wa Serikali. Huko ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigogo. Kiswahili alijifunza, na alikitungia mashairi wakati ambapo wengi waliuona ushairi wa Kiswahili kuwa mali ya watu wa pwani. Mtoto huyu wa bara aliandika historia ya Wagogo kwa Kiswahili, akatoa diwani, na ndiye aliyetupa ngonjera, zile ambazo kila aliyesoma shule ya msingi nchini amesimama mstarini akazighani. Alifariki 1969. Nikimaliza kusimulia, darasa huwa kimya, na mara nyingi mmoja husema: "Kumbe ni wa hapa hapa?"

Wa Kiingereza nao tunao. Dying in the Sun ya Peter Palangyo ilitoka 1968, na Village in Uhuru ya Gabriel Ruhumbika mwaka uliofuata. Ruhumbika ananivutia zaidi, kwa sababu baada ya riwaya ile alihamia Kiswahili, kisha akaichukua kazi kubwa ya mzee wa kwao Ukerewe, Aniceti Kitereza, iliyoandikwa kwa Kikerewe, akaitafsiri kwa Kiingereza. Mtu mmoja, lugha tatu, na hakuna iliyomnyang'anya nyingine. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, aliyepata Tuzo ya Nobel 2021, alifundisha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Kent miaka mingi. Riwaya yake Paradise ya 1994 sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Nawaambia wanafunzi waisome kwa lugha zote mbili, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mhadhara wangu unaofikia hapo.

Somo la uandishi bunifu lina utaratibu wake. Mwandishi anagawa nakala za hadithi yake siku mbili kabla. Siku ya kipindi wenzake wanaijadili, na yeye haruhusiwi kujitetea mpaka wamalize. Kwa kijana aliyezoea kwamba kimya ni adabu mbele ya mwalimu, lakini si mbele ya wenzake, ni mtihani mkubwa. Nimeona jasho. Nimeona pia mtu akigundua, kwa mara ya kwanza, kwamba jambo alilodhani ameliandika limebaki kichwani mwake.

Muhula uliopita hadithi moja ilifunguka kwa Kiingereza safi: ilikuwa siku nzuri, jua likiwaka, anga halina wingu. Inatokea kijijini, Mpwapwa, mwezi Januari. Uwele uko magotini. Wanafunzi 30 waliisifu, na zaidi ya nusu yao ni wa kanda hii. Nikawauliza swali moja tu: Januari, uwele ukiwa magotini, mama akiamka akakuta anga halina wingu, husema siku ni nzuri? Wakatazamana. Sentensi ile ilikuwa imetoka kwenye kitabu cha darasa la tano, na jua lake lilikuwa la London. Hakuna kosa la sarufi hata moja ndani yake, ndiyo maana ilipita.

Mwandishi alirudi nayo wiki iliyofuata. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: jua lilitoka mapema kwa siku ya 11, na mama alipita uani bila kumsalimia mtu. Aliisoma kwa sauti ndogo. Alipomaliza, kijana mmoja wa Kongwa aliyekaa nyuma hakusifu wala hakukosoa. Aliuliza tu: "Huo ulikuwa mwaka gani?"