Tuzo ya afya ya mama na mtoto: serikali ipewe kwa lipi?

MKUU wa jimbo au wa wilaya anapopewa tuzo kwa kuhudumia vyema afya ya akina mama na watoto, wengi wetu huitazama picha yake gazetini kisha tukafungua ukurasa wa michezo. Tunadhani hayo ni mambo ya wakubwa. Lakini nakuomba, msomaji, usiharakishe. Tuzo ya namna hii ikitolewa kwa haki yaweza kumwokoa mtoto aliye mbali kabisa na sherehe hizo. Ikitolewa ovyo, ni sawa na kupaka rangi ukuta wenye nyufa.

Je, utaitambuaje tuzo ya haki? Hebu tutazame jimbo moja la Brazil liitwalo Ceará, ambalo mji wake mkuu ni Fortaleza.

Ceará iko kaskazini mashariki mwa Brazil, katika eneo kavu lenye ukame wa mara kwa mara na umaskini mwingi. Mwaka 1987 ukame ulipobisha hodi, serikali ya jimbo ilihitaji kuwapa watu kazi ya dharura. Badala ya kuwapeleka wote kuchimba barabara, iliajiri watu wapatao 6,000, wengi wao wanawake, ikawafunza mambo ya msingi ya afya na kuwatuma nyumba kwa nyumba. Ukame ulipopita, kazi hiyo haikusimamishwa. Kufikia mwaka 1992 wahudumu hao walikuwa zaidi ya 7,000.

Mwaka 1993 shirika la UNICEF liliipa serikali ya Ceará Tuzo ya Maurice Pate, iliyopewa jina la mkurugenzi wa kwanza wa shirika hilo. Tuzo hiyo ilianza mwaka 1966, na hakuna serikali nyingine ya Amerika ya Kusini iliyokuwa imewahi kuipata.

Walifanya nini?

Hawakujenga hospitali za ghorofa. Mhudumu alizitembelea nyumba zake kila mwezi. Alimpima mtoto uzani, akatazama kadi yake ya chanjo, akamhimiza mama kunyonyesha na kumwelekeza mwenye mimba kliniki. Mtoto alipoendesha, mhudumu alimwonyesha mama jinsi ya kumpa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo.

Jambo hilo la mwisho laonekana dogo, lakini si dogo. Mtoto anayeharisha huuawa hasa na kupotea kwa maji na chumvi mwilini. Mwili wa mtoto mchanga hauna akiba kubwa, na kwa muda wa saa chache macho huingia ndani, mdomo hukauka na mtoto hulegea. Akirudishiwa maji hayo mapema, wengi hupona bila hata sindano. Anayeweza kumfikia mapema ni mtu wa kijijini kwake, si daktari aliye umbali wa kilomita 40.

Matokeo yalikuwa haya: miaka michache tu baada ya 1987, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilishuka kutoka 102 hadi 65 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Watoto waliochanjwa surua na polio waliongezeka kutoka robo moja hadi asilimia 90 hivi. Sidai kwamba kila uhai ulitokana na mpango huo peke yake, kwani mvua, chakula na maji safi vina sehemu yao. Lakini chanjo haziji na mvua. Mtu huzipeleka.

Siri ilikuwa katika uongozi

Jimbo ndilo lililowalipa wahudumu, kwa kima cha chini cha mshahara. Manispaa iliyotaka mpango huo ilitakiwa kumwajiri muuguzi wa kuwasimamia kwa fedha zake yenyewe. Bila muuguzi, hakuna wahudumu. Waliochaguliwa walihojiwa, wala hawakupewa kazi kwa barua ya mwanasiasa, na walikatazwa kuwapigia wagombea kampeni. Wananchi waliambiwa wazi mhudumu anapaswa kufanya nini, ili wapate kumshtaki akizembea. Na wale waliokosa kazi hiyo walikuwa na macho makali kuliko wote!

Mwaka 1999, katika jimbo hilo hilo, UNICEF ilianzisha tuzo nyingine ambayo ni muhuri wa kuithibitisha manispaa inayowatendea watoto vyema. Baadaye muhuri huo ulienea katika majimbo mengine ya Brazil. Uzuri wake ni kwamba manispaa hulinganishwa na zile zinazofanana nazo kwa hali ya maisha, na hutazamwa zilikotoka na zilipofika. Manispaa maskini haishindanishwi na tajiri. Mwanafunzi aliyepanda kutoka alama 20 hadi 50 naye astahili kupigiwa makofi.

Hatari ya hesabu

Msomaji, jihadhari na takwimu. Serikali ikikwambia kwamba watoto 30,000 wamechanjwa, uliza: kati ya wangapi? Ikikwambia kwamba vifo hospitalini vimepungua, uliza kuhusu waliofia nyumbani na kuzikwa bila kuandikishwa. Serikali inayoanza kuhesabu kwa uaminifu yaweza kuonekana mbaya kwa mwaka mmoja au miwili, kwa sababu vifo vilivyokuwa vimefichika sasa vinaandikwa. Tuzo isiyoelewa jambo hili humwadhibu mkweli na kumpamba anayefumba macho.

Na sisi Kenya?

Chini ya Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya zilikabidhiwa kaunti zetu 47 baada ya uchaguzi wa 2013. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa magavana. Mwaka 2023 serikali kuu na kaunti zilianza kuwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii nyumbani kwetu wakiwa na mikoba ya vifaa, huku posho yao ikichangiwa na pande zote mbili. Swali la Ceará sasa ni letu pia.

Lakini tatizo letu halilingani kabisa na lile la Ceará ya wakati huo. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 32 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kati ya hao, 21 hufa katika mwezi wa kwanza. Yaani thuluthi mbili hivi huondoka kabla hata jirani hajazoea jina lao. Wengi wa hao huuawa na kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au maambukizi. Dawa ya hayo ni mkunga mwenye ujuzi aliyepo usiku kama mchana, hewa ya oksijeni, joto la kifua cha mama, na maziwa ya mama ndani ya saa ya kwanza.

Kwa hiyo gavana wako akipewa tuzo ya afya ya mama na mtoto, usipige makofi wala kubeza kabla hujauliza haya manne. Mosi, je, zahanati iliyo karibu nawe hufunguliwa usiku, na kuna mkunga? Pili, chanjo hazikuisha mwaka huu? Tatu, mhamasishaji wa afya amefika kwako, na posho yake hulipwa kwa wakati? Nne, mama au mtoto akifa, je, kifo hicho huandikwa na chanzo chake kuchunguzwa?

Majibu yakiwa mazuri, mpongeze gavana kwa moyo mweupe, maana viongozi nao hutiwa nguvu na shukrani. Yakiwa mabaya, yapeleke kwa mwakilishi wako wa wadi wakati bajeti ya kaunti inapojadiliwa. Kikombe hukaa kabatini ofisini. Mkunga na oksijeni ndivyo mjamzito wa mtaani kwako atakavyovihitaji uchungu ukimjia usiku.