Ukili uliokunjwa ndani ya yai

Keti hapa jamvini, mwanangu. Kuuliza si ujinga, nawe umeuliza swali la watu wazima: kasa akitaga kule Juani, ng'ambo ya Chole yetu, nani huamua huyu awe dume na huyu awe jike?

Mchanga.

"Mchanga una akili?" Hauna. Una joto tu. Ukiwa chini ya nyuzijoto 29 hivi, wengi hutoka madume. Ukizidi hapo, wengi hutoka majike.

"Joto linajuaje?" Eee, hapo umefika penyewe! Mtazame bibi yako. Amesuka ukili mrefu wenye rangi, kisha ameukunja. Rangi za ndani unaziona? Zimo, lakini huzioni. Akikunjua kipande, utaziona.

Basi kila seli ndani ya yai ina ukili wake, unaitwa DNA. Umezungushwa karibu mara mbili kwenye kifundo cha protini 8, kisha kifundo kingine, na kingine. Palipokazwa hapasomeki. Palipolegezwa panasomeka. Seli ya jicho na seli ya gamba zina ukili ule ule, ila kila moja imekunjua pake.

"Nani anakunjua?" Zipo protini nyingine, ndizo vidole vya bibi. Baadhi husogeza vifundo. Baadhi hubandua vijialama vinavyoamuru pabaki pamefungwa. Mwaka 2018 wanasayansi waliochunguza kobe wa mitoni na maziwani walieleza kazi ya protini moja, KDM6B. Mayai yakikaa kwenye nyuzijoto 26, KDM6B huwa nyingi. Hubandua alama kwenye jeni iitwayo DMRT1, ukili ukakunjuka, na yai likasema: "Nimepasoma! Mimi dume." Kwenye nyuzijoto 32 KDM6B huwa chache, alama zikabaki, na yai likasema: "Hapo hapasomeki. Mimi jike."

Wakaipunguza KDM6B kwa makusudi, ubaridi ukiwa ule ule. Unajua kilichotokea? Wengi waliokuwa wawe madume wakageuka majike. Na ukili haukubadilishwa hata uzi mmoja! Hilo mimi hunifurahisha kila nikilifikiria.

"Na kasa wetu?" Mayai yake hukaa mchangani kama miezi miwili, na wiki za katikati ndizo zinazoamua. Mvua kubwa ikinyesha Juani wiki hizo, mchanga ukapoa, madume huongezeka kiotani.