Kabla Utume Doh ya Dhahabu ya Mbeere, Cheki Mawe Kwanza

Msee, kama umewahi kupita kando ya mto kule Mbeere jua likiwaka, unajua vile mchanga hung'aa. Halafu kuna buda ana kijiwe kwa mfuko, anataka doh "ya kuanza kuchimba". Mara nyingi hiyo ni mika tu. Idunge na sindano, inabanduka kama ganda la kitunguu. Dhahabu haibanduki, ukiigonga inabonyea.

Lakini wenye wanajua hii kazi hawafuati kung'aa. Wanasoma mawe ya pembeni.

Iko hivi. Kilomita kadhaa chini ya ardhi kuna maji moto, nyuzi 200 hadi 400, presha ikiyazuia kugeuka mvuke. Yamebeba salfa, na dhahabu imejishikilia kwa salfa kama makanga kwa mlango wa nganya. Yakipata ufa, yanapanda. Sasa yakigusa mwamba wenye chuma, chuma inanyakua salfa, inatengeneza pairiti, ile hudanganya watu ni dhahabu. Dhahabu yenyewe imeachwa bila gari, inashukia hapo hapo.

Mwamba nao haubaki vile ulikuwa. Fikiria nyama imelala kwa ndimu usiku mzima: nje imebadilika rangi, katikati bado. Karibu na ufa jiwe linapauka, limejaa kwatzi na mika nyeupe laini. Ukisonga mbali kidogo ni kijani, kazi ya kloriti. Mbali zaidi ni jiwe la kawaida. Hiyo sehemu iliyobadilika inaweza kuwa pana kuliko mshipa wa dhahabu mara nyingi, so ni rahisi kuipata kwanza.

Kakamega ndiyo mfano wetu. Dhahabu ilipatikana huko 1931, watu wakamiminika, na mgodi wa Rosterman ukachimbwa hadi 1952. Miaka ya juzi Shanta Gold wamekuwa wakitoboa Isulu na Bushiangala.

Pairiti ikipigwa na mvua hushika kutu, udongo unakuwa mwekundu. Lakini usichanganyikiwe: wekundu wa Runyenjes na Nkubu, kwa mashamba ya chai na kahawa, ni lava ya Mlima Kenya iliyooza.

Kwa hivyo muulize buda kijiwe alikitoa wapi, mwende pamoja. Chukueni jiwe lenyewe na lile la pembeni, mpeleke maabara. Huko watawaambia ni gramu ngapi kwa tani.