Transition na Ladha ya Mjadala Usiofungwa

Jarida la fasihi halisomwi kama kitabu. Kitabu huwa na mwandishi mmoja aliyekwisha kuamua neno lake la mwisho. Jarida hukusanya insha, mashairi na barua za wasomaji, na hoja iliyoachwa wazi katika toleo moja hudakwa na mtu mwingine katika toleo linalofuata. Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa jambo hili: Transition, jarida la Kiingereza lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, kijana wa asili ya Kihindi aliyezaliwa mjini humo.

Neogy alichanganya fasihi na siasa kwa makusudi. Mchanganyiko huo uliwafaa zaidi washairi. Msomaji asiyenunua diwani hata siku moja hukuta shairi katikati ya insha mbili alizozifuata, akalisoma kabla hajakumbuka kwamba mashairi si fani yake.

Mwaka 1963 jarida lilichapisha insha ya Mnigeria Obi Wali, aliyedai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya haina mahali pa kufika. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza kukutana Makerere, kwa hiyo shabaha yake ilijulikana. Majibu makali yalimiminika. Kinaya ni kwamba pande zote ziligombana kwa Kiingereza. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, Ngũgĩ wa Thiong'o aliirudia hoja hiyo katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, naye alizua mabishano mwaka 1966 kwa insha iliyomfananisha Rais Kwame Nkrumah wa Ghana, aliyekuwa amepinduliwa karibuni, na mfalme wa Kirusi mwenye itikadi ya Lenin.

Barua zilikuwa nusu ya utamu wa jarida, pengine zaidi. Ndizo pia zilizoliponza. Kabla ya hapo ufadhili wake ulikuwa umeshalitia doa, ilipofichuka kwamba shirika lililolifadhili lilipokea pesa za ujasusi wa Marekani, CIA. Kisha mwaka 1968 mbunge Abu Mayanja akaandika barua ya kuikosoa serikali ya Rais Milton Obote wa Uganda kuhusu katiba na mahakama. Yeye na Neogy, mhariri wa jarida, wakakamatwa. Neogy aliachiwa mwaka uliofuata, na Transition likahamia Accra, ambako baadaye Wole Soyinka alishika uhariri. Lilisimama mwaka 1976, likafufuliwa Marekani mwaka 1991.

Matoleo ya Kampala husomeka vizuri zaidi kwa mfululizo, kwa sababu insha ya Wali ikisomwa peke yake ni tamko tu. Ikifuatwa na barua za matoleo yaliyofuata, msomaji huona ni nani aliyekasirika, nani aliyekubali nusu, na ni swali gani hakuna aliyelijibu.