Mahindi yakipanda bei, mkulima wa Ikungi anacheka au analia?

Jamaa wa Dar huwa wananiuliza: "Mahindi yakipanda bei si raha kwenu wakulima?" Kwa wengi wetu siyo raha hata kidogo, na ngoja nieleze kwa nini.

Huku msimu wa mvua ni mmoja. Tunavuna kuanzia Mei, na hapo hapo wenye madeni wanabisha hodi, sare na michango ya shule inadaiwa. Basi mahindi yanauzwa wakati kila mtu anauza, bei iko chini. Ikifika Januari kifuku kimekolea, ghala tupu, mkulima yule yule anakwenda sokoni kununua. Hesabu ya mfano: Juni umeuza magunia matatu kwa sh. 50,000 kila moja, una 150,000. Januari gunia limefika 100,000. Pesa yako yote, kama bado unayo(!), inarudisha gunia moja na nusu.

Mwanauchumi Angus Deaton, aliyepata Nobel mwaka 2015, aliliandika hili mwaka 1989 akichunguza mchele wa Thailand. Swali siyo kama unalima, ni kama kwa mwaka unauza chakula kingi kuliko unachonunua.

Sasa nyumba inafanyaje? Kwanza maharage yanapotea, unabaki ugali na mlenda. Tumbo linajaa lakini mtoto hakui. Halafu kuku wanauzwa, na kwa vile kila nyumba inauza kwa pamoja, bei ya kuku nayo inashuka (abiria wa mabasi wanafaidi kweli). Mwisho baba na mama wanakwenda kibarua kupalilia shamba la mwenye nacho, huku lao linamezwa na magugu. Ubaya wenyewe naona uko hapa, maana njaa ya mwaka huu inakula mavuno ya mwaka ujao.

Serikali nayo iko njia panda. Juni 2017 Waziri Mkuu Majaliwa alipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Kwa mnunuzi nafuu, kwa mwenye ziada maumivu. Mimi naona bora stakabadhi ghalani, ambayo sheria yake ipo toka 2005: unaweka mzigo ghalani, unakopa kwa stakabadhi, unauza bei ikipanda. Ila mwenye magunia mawili nani atamkopesha?

Kwenu debe la mahindi ni shilingi ngapi leo?