Mwanao Kaitwa Studio. Utamruhusu?

Tuseme simu inalia Alkhamisi baada ya laasiri. Anayepiga ni mtayarishaji wa vipindi wa kituo kimoja cha televisheni. Alikuwepo kwenye mahafali ya skuli ya mwanao, akamwona alivyoshika maiki bila ya kutetemeka, na sasa anamtaka aje atangaze kipindi cha watoto. Mama keshaanza kupiga hesabu ya gauni. Baba kanyamaza kimya. Na nyinyi mlio ndani ya ndoa mnajua, baba akinyamaza namna hiyo ujue keshajibu.

Usiku ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anasema mtoto ana kipaji, kwa nini tumbanie? Mwengine anasema mtoto ni wa skuli na chuoni, mambo ya TV yana wenyewe. Wote wawili wanampenda mtoto, na hakuna asiye na hoja. Ndiyo maana mwezi huu tumeamua kulivalia njuga swali hili: kipindi cha watoto kitangazwe na nani hasa, mtoto au mtu mzima?

Jukwaa si geni kwetu

Kwanza tuondoe dhana moja. Mtoto wa Unguja hakuanza kusimama mbele ya watu zilipokuja kamera. Chuoni anasoma kasida na wenzake angali mdogo kabisa. Msimu wa Maulidi ukifika utamwona na kanzu yake nyeupe, au mtandio wake mpya, yuko mbele ya masheikh na wala hababaiki. Skuli nako kuna ngonjera na maigizo. Na sisi wa Amani tunaijua halaiki: katika sherehe nyingi za Mapinduzi zilizofanyika Uwanja wa Amani, tangu uwanja ule ulipofunguliwa mwaka 1970, watoto na vijana ndio walioujaza kwa rangi na maumbo mbele ya viongozi na umati wa watu.

Ila angalia kitu. Kwenye halaiki mtoto anaonekana, hasikiki. Kwenye kasida anasikika, lakini maneno ni ya waliotangulia, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Utangazaji ni jambo jengine. Mtangazaji anatarajiwa awe na lake la kusema, na hapo ndipo wazee wengi wanapoingiwa na wasiwasi, kwani malezi yetu yamemfundisha mtoto asikilize kwanza, tena asikilize sana.

TV nayo ni ya zamani hapa. Televisheni ya Zanzibar, TVZ, ilianza kurusha matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati ambapo Bara hakukuwa na kituo hata kimoja. Wao walisubiri mpaka mwaka 1994. TVZ na redio ya serikali baadaye zikawekwa chini ya shirika moja, ZBC. Kwa hiyo Unguja kuna bibi aliyekuwa akiangalia TV utotoni, na leo anaangalia pamoja na mjukuu wake. Bibi huyo humdanganyi. Akimwona mtoto amekaririshwa, atasema pale pale, "Huyu kafundishwa huyu!"

Mkubwa anayejua kuongea na mdogo

Hebu tuwatendee haki watu wazima. Waliokua wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam hawajamsahau Deborah Mwenda na kipindi chake cha Mama na Mwana. Alikuwa mtu mzima, na redioni hata sura huioni, lakini akianza hadithi nyumba inatulia. Hakuhitaji kujifanya mtoto. Nalisema hili kwa sababu siku hizi kuna watangazaji wanaobana sauti na kuviringisha macho, "Hamjamboooo watotoooo!", mpaka watoto wenyewe wanatazamana. Mtoto anajua akidharauliwa.

Waingereza nao wameendesha Blue Peter ya BBC tangu mwaka 1958, na waliokaa kwenye viti vya utangazaji ni watu wazima. Watoto wanaingia kama wageni, wanaleta barua, michoro, wanyama wao na maswali yao. Utaratibu huo umedumu zaidi ya miaka 60, si mchezo.

Halafu kuna njia ya tatu ambayo wengi hatuihesabu. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonekana TBC mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa katuni. Katika Akili and Me, kipindi kingine cha watu hao hao, mhusika mkuu ni mtoto wa kike wa miaka 4. Akili ni mtoto kwa mtazamaji, lakini yeye hakosi skuli, hachoki, hatakuwa mkubwa akaachishwa kazi, na wala hakuna mtu atakayemkebehi dukani. Ukifikiria vizuri, katuni imekwepa karibu matatizo yote ninayotaka kuyazungumza hapa chini.

Lakini mtoto ana lake

Pamoja na hayo, kuna kitu mtu mzima hawezi kukifanya. Mtoto akimuuliza mtoto mwenzake, "Wewe mwalimu akikupiga unahisi vipi?", jibu litakalotoka silo lile atakalopewa mtangazaji wa miaka 35 mwenye tai. Na mtoto akimuuliza mkubwa, mkubwa anashindwa kujificha nyuma ya maneno mazito. Muulize diwani kwa nini kiwanja cha kuchezea kimejengwa maduka, atakupa hotuba. Akiulizwa na mtoto wa miaka 10, inabidi ajibu.

UNICEF waliliona hili zamani. Mwaka 1991 walianzisha siku ya kimataifa ya watoto katika utangazaji, ambapo vituo vya redio na televisheni vinaombwa kuwaachia watoto maiki. Ilikuwa Jumapili ya pili ya Desemba, baadaye ikahamishiwa Jumapili ya kwanza ya Machi. Hapa Tanzania pia shirika hilo limesaidia mitandao ya watoto wanaotayarisha na kutangaza vipindi vyao wenyewe redioni.

Na sheria iko upande wao, au tuseme iko nusu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, na mwaka 2015 ilipata tuzo ya kwanza ya kimataifa ya Future Policy Award kwa sheria bora zinazolinda haki za watoto. Tumeshangiliwa, haya. Lakini soma vizuri: haki aliyopewa mtoto ni ya kusema maoni yake. Hakuna palipoandikwa kwamba ana haki ya kusomeshwa karatasi iliyoandikwa na mjomba wa matangazo ya biskuti.

Kwangu mimi mpaka uko hapo. Mtoto anayeuliza swali lake, kwa Kiswahili chake, hata akigugumia, huyo anatangaza. Mtoto aliyepakwa poda na wanja, kavishwa suti au gauni kama bibi harusi, anaanza na "Mabibi na mabwana, watazamaji wetu wapendwa", kisha mtu mzima anamuuliza kwa utani, "Mchumba wako nani?", huyo anachezeshwa. Watu wanacheka, mama yuko nyuma ya kamera anarikodi kwa simu, na mtoto anajifunza kwamba akivuka umri wake ndipo anapopendwa zaidi. Mie sioni cha kuchekesha.

Brazil walifika mbali

Kwa nchi iliyolijaribu jambo hili hadi mwisho, tuangalie Brazil. Kituo cha SBT kilikuwa na kipindi cha asubuhi cha watoto, Bom Dia & Cia, na kwa miaka mingi watangazaji wake walikuwa watoto. Aliyevuma zaidi ni Maisa Silva. Mwaka 2009, akiwa hajatimiza hata miaka 7, alikuwa pia na sehemu yake katika shoo ya mmiliki wa kituo, Silvio Santos, na huko aliogopeshwa jukwaani, akalia, nchi nzima ikiangalia. Mahakama ikaingilia na kumzuia kushiriki katika shoo hiyo. Maisa mwenyewe amekua na kuwa mwigizaji maarufu, kwa hiyo wanaosema TV inamharibu kila mtoto nao wanatia chumvi. Lakini hadithi haikuishia kwake. Mwaka 2015 watoto waliokuwa wakitangaza Bom Dia & Cia walikosa kibali cha mahakama cha kuendelea, wakaondoka, na kiti kikachukuliwa na mtu mzima.

Fedha nazo zina visa vyake, na cha zamani zaidi ninachokijua ni cha Jackie Coogan wa Marekani, yule mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid ya mwaka 1921. Alitengeneza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia. Mwaka 1938 akaenda mahakamani, akaambulia dola kama 126,000. Mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria ya kulinda kipato cha watoto wasanii. Wazazi wale walikuwa watu wa kawaida tu, kama mimi na wewe.

Kabla ya kusema ndiyo

Basi msimamo wangu usifichike: mtoto atangaze, lakini asitangaze peke yake, na asiwe ndiye nguzo ya kipindi. Awepo mtu mzima pembeni anayebeba uzito wa saa, wa makosa na wa mgeni mkorofi. Kipindi kirikodiwe, kisiende moja kwa moja hewani. Watoto wawe kadhaa wanaopokezana, ili mmoja akiumwa au akiwa na mtihani kipindi kisife kwa ajili yake. Hata Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 138, unaoweka umri wa chini wa kuajiriwa, umeacha mlango kwa watoto katika sanaa, ila kwa kibali cha kila mmoja peke yake na saa zilizowekewa kikomo.

Lakini lililo kubwa mnalimaliza wenyewe chumbani. Nani atampeleka na kukaa naye mpaka mwisho? Posho itawekwa kwa jina la nani? Na hili la intaneti: zamani kipindi kikipita kimepita. Leo kipande cha sekunde 20 alichokosea akiwa na miaka 8 kitamfuata mpaka siku ya posa yake.

Halafu kuna jambo ambalo hapa kwetu linamwangukia mtoto wa kike. Akiwa na miaka 9 kila mtu anamsifu. Akifika 12, 13, shangazi anapiga simu: "Keshakuwa mkubwa, mtoeni huko." Kaka yake anaachwa mpaka sauti ivunjike. Kama ukoo wenu utasema hivyo, na nyie mnajua utasema, basi mwambieni mtoto tangu mwanzo kwamba hiki ni kitu cha miaka miwili au mitatu. Anayeumia zaidi ni yule aliyeamini ameshakuwa mtangazaji, akaamka siku moja akakuta kiti chake kina mtoto mwengine na hakuna aliyemweleza kitu.

Nawajua mke na mume hapa Amani waliolipitia. Mume alikataa, akiogopa mtoto kutaniwa skuli. Mke alitaka kwa moyo wote. Yeye mwenyewe utotoni aliitwa redioni, baba yake akakataa. Wakabishana wiki mbili, wakakubaliana mtoto aende mara moja kwa mwezi, na baba mwenyewe ndiye atakayempakia kwenye vespa. Baba alivyoona mambo yanavyokwenda akanogewa, akawa wa kwanza kufika studio. Mwezi wa nne mtoto akasema hataki tena, anachoka kungoja taa ziwekwe. Mama alijifungia chumbani akalia mpaka macho yakavimba. Mume akaenda kumtafuta mtoto ili aje kumbembeleza mama yake. Alimkuta uwanjani na wenzake, wanacheza nage.